Sorin Dereva Kaombewa Pamoja na Marehemu

Veta, tangu Jumapili ya Matawi mume wangu Ilarion alipofariki, leo ndiyo nimetoka nyumbani. Kwa basi la parokia, hadi monasteri ya mlimani, nikamwombee.

Nimechanganya karatasi mbili za majina ya kuombewa, mwenzangu! Abiria wote nimewaandika kwenye ya marehemu, Ilarion kwenye ya walio hai.

Padri akasoma kwa sauti: "Uwapumzishe kwa amani Aglaia, Sorin..." Sorin dereva! Kasimama pale na mshumaa!

"Mama, unanizika na bado sijawarudisha nyumbani?"

Kisha padri: "Umjalie Ilarion afya njema." Afya njema, Veta! Nilicheka hadi machozi, halafu yakabaki machozi tu.

Sorin kagoma kuwasha basi mpaka asomwe upya, kwa walio hai.

Nimeandika upya. Ilarion nimemweka kwa marehemu. Padri anavaa miwani asome tena.