Eti Watu wa Suneka Hatujuani

Mama yangu mpendwa,

Bwakire. Goti lako linaendeleaje na baridi ya asubuhi? Na ng'ombe, amezaa au bado anatuchezea? Mimi huku Ujerumani sina ugonjwa, nina hasira tu. Naandika kwa Kiswahili ili kaka Ombati akusomee pale sokoni na Mama Akinyi anayeuza dagaa wa omena naye asikie, maana Kigusii hakijampanda.

Ombati ameniambia wenzako wamekuhama. Mmoja alisema mbele ya wateja, "Huyu Mama Moraa alituuzia maneno ya wazungu. Sasa hiyo kituo ya akina mama iko wapi?" Nililia, kisha nikakasirika. Ni mimi niliyekuomba uwashawishi wajibu maswali ya mradi wetu, nawe ukapanda vilima nyumba hadi nyumba. Acha nieleze kituo hicho cha afya kilivyopotea.

Unajua kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Majibu yenu tuliyapanga katika matabaka matatu: nani anauziana na nani sokoni, nani anasali na nani, nani ni jamaa ya nani. Kisha programu ikatafuta viungo kati ya matabaka, yaani mtu yuleyule anayeonekana sokoni na pia kanisani. Kituo kingejengwa penye viungo vingi, ili habari za afya zisambae upesi. Basi mwenzangu aliyeandika sehemu hiyo aliiagiza ilinganishe majina, herufi kwa herufi. Sokoni wewe ni Mama Moraa. Kanisani ni Rebeka. Kwa wakwe, kwa kuwa uliolewa kutoka Getutu, ni Omogetutu. Programu ikaona wanawake watatu wasiojuana! Na wenzako vivyo hivyo. Suneka ikatoka karibu tupu, bila viungo.

Bosi wangu akasema, "Inaonekana watu wa kwenu hawajuani." Hawajuani! Watu ambao mmoja akikohoa Kiogoro, Suneka wanamchemshia dawa. Nikaiandika sehemu ile upya, nikalinganisha boma na watoto badala ya majina, na viungo vikamwagika kama maharagwe gunia likipasuka. Vingi vilipitia kwako. Nikampelekea bosi matokeo mapya, hata hakuyafungua. "Moraa, uamuzi umeshafanywa," akasema, akaenda kula. Kituo wamepewa watu wengine, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nisalimie Baba, na mke wa Ombati, na shangazi anayekuchumia mboga za managu. Hao waliokuhama nao wasalimie. Waambie wanikasirikie mimi, si wewe, maana wewe ulisema ulichoambiwa na mwanao.

Leo asubuhi bosi amenijia akitabasamu. Eti kuna awamu ya pili ya maswali, nikuombe uwakusanye akina mama tena. "Si mama yako anajuana na kila mtu?" akasema. Nimekataa. Lakini najua watakuja wenyewe. Wakija, wapeni chai, hiyo ni desturi yetu. Majina msiwape.

Binti yako anayekukumbuka kwa uchungu,
Moraa