Marehemu Aliitika

Mjukuu wangu Atieno,

Huku Kianda tu wazima. Nyanya yako bado ananigombeza. Umeuliza kodi yako inaliwa na nani.

Miaka ya tisini jirani yangu Odera, mstaafu wa serikali, alikufa Kawangware. Mjane wake aliogopa pensheni itakatwa, watoto walale njaa. Akaniomba nijifanye Odera kwa chifu, maana mstaafu alipaswa kuonekana akiwa hai.

Chifu akaita, "Odera!"

Kabla sijafungua mdomo, sauti yake Odera ikajibu nyuma yangu, "Niko!"

Nikageuka. Ukuta mtupu.

Nikaropoka, "Mkubwa, huyo tulimzika!"

Chifu hakuinua macho. "Si ameitika?" Akagonga muhuri.

Kodi za watu zikamlisha marehemu, watoto wakasoma. Nami siku hizi nikiitwa, nangoja kwanza nisikie nani ataitika.

Babu yako