Ukili wa Mama Yao

Kanga, Mafia

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Makete? Mama bado anakohoa? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila joto la huku sijalizoea. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu tunaishia kupigiana kelele tu, na masikio yako hayanipati.

Uliniuliza kama darasa langu la watu wazima lina wanafunzi. Mwanzoni walikuwa wawili, nao wakija wanasuka ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Siku moja nikauliza, nakshi hiyo inaitwaje? Kumbe kila nakshi ina jina lake! Nikafunga kitabu. Sasa akina mama wanapiga picha ya ukili, wanaandika jina chini yake, wanatuma kwenye kundi letu la simu. Wengine wamejiunga kundini kutoka Kiegeani na kisiwa cha Bwejuu. Nauliza maswali mpaka wananicheka.

Aliyenishangaza ni Bi Riziki, mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuja na kipande cha mkeka wa marehemu mama yake.

"Mwalimu, mwanzo wake ninao. Kuupindisha ukingoni ndiko nilikosahau. Anayejua ni mdogo wangu Mwanaidi, yuko Bwejuu, yumo humo kundini mwenu."

"Basi turekodi sauti yako, umuulize."

"Akiisikia ataizima. Hatusemezani tangu tumzike mama. Nilimwambia mbele za watu kwamba hakumuuguza. Nifundishe kuandika."

Baba, hakuijua hata a. Nilijitolea kumwandikia, akakataa: maneno ni yake. Akawa anakuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri, kidole juu ya kioo, herufi moja anaifuta mara tano. Mwezi wa tatu wa kuja kwake akaandika: "Mwanaidi. Ukili wa mama unapindishwaje? Nilikosea. Riziki."

"Umekosea wapi?" nikauliza. "Tuufumue tuanze upya?"

"Si ukili, mwalimu."

Akatuma.

Siku tatu, kimya. Aliniuliza zile alama mbili za buluu maana yake nini.

"Ameusoma ujumbe wako."

"Ameusoma na hakujibu," akasema, akaendelea kusuka.

Siku ya nne ikaja video. Uso hauonekani, ni mikono tu, inapindisha ukindu taratibu, mara mbili. Mwishoni sauti: "Dada, usiuvute sana."

Bi Riziki aliitazama mpaka simu ikataka chaji. Kisha akachukua ukindu wake, akaupindisha. Ulitoka sawasawa kabisa, nikapiga makofi. Akautazama, akaufumua wote. Nilidhani amekasirika. Akavuta simu, akaandika polepole, safari hii bila kuniuliza herufi hata moja:

"Sijaelewa. Nakuja."

Amevuka jana asubuhi, na leo darasani nafasi yake iko wazi.

Msalimie Mama, kaka Yohana anayekusaidia shamba la viazi, na shangazi Neema msuka vikapu. Mwulize shangazi ile mistari ya vikapu vyake inaitwaje. Nimekua nikiviona humo ndani, na sikuwahi kumuuliza.

Mungu akutunze, Baba.

Binti yako,
Tumaini