Tarehe Niliyomwandikia Wifi

Jumatatu, 2 Machi

Taarifa imetoka saa nne badala ya saa mbili. Mtandao ulikuwa unakohoa tangu asubuhi. Kila Jumatatu ni yaleyale — Habari, Msaada, Fursa. Inawafikia watu elfu tatu wa chuo, na nadhani wanaoisoma ni arobaini. Lakini leo nimeifurahia kazi yangu. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Kwenye Fursa kulikuwa na ufadhili wa shahada ya uzamivu kwa mafundi wa maabara. Mafundi! Si wahadhiri, si wapwa wa wahadhiri. Tangu niajiriwe hapa sijawahi kuona. Sharti moja gumu: mwombaji awe hajatimiza miaka arobaini. Wifi yangu anatimiza arobaini mwezi Mei.

Nilimpigia kabla hata sijabonyeza kutuma. Alikuwa maabara, nasikia bomba linamwagika. Nikamwambia kaa chini kwanza, halafu nikamsomea. Mara yowe! Babu Chupa, yule mzee anayeosha vyombo vyao vya kioo, akadhani ameungua na asidi, akaja mbio na ndoo.

Miaka kumi na sita yuko maabara ya udongo. Amewapimia udongo watu kumi na mmoja, wote sasa wanaitwa daktari. Yeye jina lake liko ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho, na mara nyingine limekosewa.

Ana hadi tarehe 19. Tutaweza.

Ijumaa, 6 Machi

Wifi amehamia mezani kwetu. Karatasi hadi kwenye kapu la matunda. Anataka kuchunguza kwa nini udongo wa mashamba fulani hufunga juu kama sahani baada ya mvua, mbegu zikashindwa kutoka. Anasema swali hilo amelibeba miaka tisa, kila profesa anamwambia ni zuri, halafu anamkabidhi sampuli za mtu mwingine.

Binti yangu kauliza, shangazi akimaliza ataitwa daktari wa udongo? Atauchoma udongo sindano? Tumecheka hadi mume wangu akatoka chumbani kuona kuna nini. Akamtazama dada yake, akarudi chumbani. Najua alivyojisikia. Yeye ndiye aliyesomeshwa kwanza, kwa sababu ni wa kiume. Wifi akasubiri zamu. Zamu ikachelewa.

Jumapili, 8 Machi

Amemaliza! Kurasa kumi na mbili. Nimezisoma zote, na mimi udongo naujua kwa kuufagia tu, lakini nimeelewa kila kitu.

Alitaka kutuma papo hapo. Bonyeza, wifi, nipumue — ndivyo alivyosema. Mimi ndiye niliyemzuia. Barua ya profesa wake ni ya mwaka juzi, imetaja mradi uliokwisha. Nikamwambia aombe mpya, aipige msasa kazi yake, haraka ya nini? Siku bado zipo.

Akasema, haya, wewe ndiye bosi wa tarehe.

Jumanne, 17 Machi

Kapiga simu saa tatu. Amepata barua mpya ya profesa, nzuri mno, amekaa kutuma — mtandao wa wafadhili unamkatalia. Nikacheka. Nikamwambia ajaribu kwa kompyuta nyingine.

Kapiga tena. Sauti imebadilika.

Nimefungua mwenyewe. Maandishi mekundu: muda wa kupokea maombi umekwisha.

Akaniuliza, labda wamefunga mapema? Nikasema labda. Nikasema nitafuatilia.

Barua yao ya asili ninayo kwenye faili. Sijaifungua. Nimepanga rafu. Nimejibu barua pepe za watu ambao hata hawakusubiri jibu. Saa kumi na moja nikatoka ofisini kama mwizi.

Jumatano, 18 Machi

Tarehe 9.

Nimeifungua barua. Imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, kwa wino mzito. Tarehe 19 ni ya mkutano wa wahandisi, tangazo la chini yake kwenye barua hiyohiyo. Nimeruka mstari. Ni hilo tu. Jicho liliruka mstari mmoja, Jumatatu asubuhi, mtandao ukikohoa, nami nikiwa na furaha.

Jumapili ile tarehe 8 alikuwa na kila kitu mkononi. Angebonyeza tu.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo. Hakunifokea. Alifunga mlango, akakaa, akashika kichwa. Akasema watu wawili wameandika kulalamika, na kitengo chetu kinanyemelewa, wapo wanaotaka kifutwe. Akasema: "Rekebisha tovuti. Weka tisa. Akiuliza mtu, mwambie asome tovuti."

Nikasema yupo wa tatu, na ni wifi yangu.

Akasema pole. Halafu akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha Juni, na yeye ndiye anayeandika mapendekezo. Hata hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekukumbusha mwavuli.

Nimerekebisha. Barua pepe zetu hubeba vichwa vya habari na kiungo tu, kwa hiyo tarehe haiko kwingine popote. Nilifuta moja, ikabaki tisa. Mguso mmoja wa kidole.

Alhamisi, 19 Machi

Kaja ofisini mchana na koti lake jeupe, hajala. Nilitaka kumwambia. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Akanitangulia. Akatoa simu, akanionyesha ukurasa wetu. "Tisa, wifi. Imeandikwa tisa. Mimi niliona kumi na tisa."

Ule ukurasa wa tangazo aliouchapa siku ile na kuubandika juu ya sinki ulilowa wiki iliyopita, akautupa. Hana cha kulinganisha. Ana macho yake tu, na sasa hayaamini.

Akasema anasoma vipimo vidogo kuliko sisimizi kila siku ya Mungu, itakuwaje ashindwe kusoma tarehe? Akajijibu: uzee. Au alitaka mno hadi akaona alichotaka. Kisha akanitazama, si kwa lawama, kwa kutafuta tu: "Lakini hata wewe ulisema siku zipo."

Nikasema: "Nilidhani umesoma mwenyewe."

Nimeiandika hapa niione. Nilidhani umesoma mwenyewe. Mdomo wangu huu.

Akaitikia kwa kichwa. Akanipangusia uzi begani — mimi! — akarudi kazini.

Jumapili, 22 Machi

Kwa mama mkwe. Sote tulikuwepo. Wifi amemwambia mama yake mwenyewe, hakungoja kuulizwa. Kwamba nafasi ilikuwepo, kwamba ameipoteza kwa kusoma vibaya.

Mama hakuwa na huruma. Pengine ilikuwa uchungu, sijui. Kamwambia tangu shule ulikuwa hivyohivyo, unakurupuka, husomi swali. Mtu mzima wa arobaini! Wifi akasema ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Kama mtoto aliyevunja kikombe. Mimi nimeshika sinia la vyombo, siwezi kuliweka wala kulibeba.

Halafu akasema lile lililonimaliza. Kesho anamwomba profesa amtoe kwenye mizani. Mizani ile midogo ya maabara, ambayo miaka yote haruhusiwi kuigusa mtu ila yeye! Anasema kama tarehe imemshinda, asije akaharibu utafiti wa watoto wa watu.

Tulipofika nyumbani nilimwambia mume wangu. Yote, mpaka kufuta ile moja. Alikuwa anavua viatu. Akabaki na kimoja mkononi kwa muda mrefu sana.

Nilitegemea afoke. Akasema taratibu: "Mwambie wewe. Nikimwambia mimi, nitakuwa nimekuchongea. Nikinyamaza, tutakuwa wawili."

Kalala kwa kunipa mgongo.

Jumatatu, 23 Machi

Taarifa imetoka. Nimesoma kila tarehe mara sita, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Sijamwambia.

Jumanne, 24 Machi

Nimewaandikia wafadhili. Nimesema kosa ni langu, si la waombaji, na nimetaja siku nilipolifanya na siku nilipolificha. Jina langu kamili na cheo changu. Nakala kwa mkuu. Kwenye tovuti nimeweka marekebisho chini ya tangazo, wazi, kwamba tuliandika 19 tukabadilisha kimyakimya.

Nilitaka nimfikie wifi na kitu mkononi. Huo ni ujasiri au ni woga mwingine uliovaa nguo nzuri? Najijua. Ni woga.

Mkuu kapita mezani kwangu saa nane. Umeandika kwa ruhusa ya nani? Nikasema kwa ruhusa yangu. Akasimama kidogo, akapapasa funguo zake mfukoni. "Juni si mbali," akasema. Akaenda zake. Marekebisho yameondolewa kabla ya saa tisa.

Alhamisi, 26 Machi

Wamejibu!

Usaili wao ni Jumatatu. Kamati itakubali kuwatazama waliopotoshwa na tarehe yetu, mradi kila mmoja alete maombi yake pamoja na barua aliyoiandika mwenyewe kueleza yaliyotokea, yenye tarehe na sahihi, kabla ya saa kumi jioni kesho. Hawaahidi kitu zaidi ya kutazama.

Wale wawili nimewapigia. Mmoja kanitukana, mmoja kanishukuru. Yote mawili yameniuma sawasawa.

Wifi si wa kupigiwa simu. Nilikwenda maabara saa kumi na moja, nikamkuta ameshatoka. Nikaenda kwake, jirani akasema amekwenda kumwangalia mama. Nikasimama nje ya nyumba ya mama mkwe. Nikawasikia ndani wakizungumza habari za pazia, kawaida kabisa. Wifi akacheka kitu fulani.

Sikuingia. Mungu anisamehe, nimempunja usiku mzima wa kujiandaa kwa sababu tu alikuwa anacheka.

Ijumaa, 27 Machi

Naandikia hapa kwenye benchi, nje ya maabara ya udongo.

Asubuhi walikuwa na wageni wa ukaguzi, mlango umefungwa hadi saa saba na nusu. Nilipoingia alikuwa peke yake, na Babu Chupa kule mwisho kwenye masinki. Kweli wamemtoa kwenye mizani. Alikuwa anabandika lebo kwenye mifuko ya udongo.

Nikasema, wifi, ilikuwa kumi na tisa. Ulisoma sawa. Mimi ndiye niliyeandika vibaya, na mimi ndiye niliyefuta.

Hakuinua kichwa. Kabandika lebo moja. Ya pili. Nikaendelea kusema — wafadhili, kamati, saa kumi, barua. Maneno yalikuwa yanaporomoka. Nikaweka karatasi yao mezani mbele yake.

Akauliza umejua lini.

Jumatano ya wiki iliyopita.

Akahesabu kwa midomo. "Siku tisa," akasema. "Siku tisa ulikuwa unanitazama."

Nikasema nisamehe.

"Kukosea sina shida nako, watu wanakosea. Mimi mwenyewe nimeshamwaga sampuli za mwaka mzima za mtu. Lakini nilikuja kwako nikakuonyesha simu! Nikakuuliza! Ukaniacha nikakae mbele ya mama nijiite mjinga, na wewe umesimama pale na sinia."

Nikasema wifi —

"Usiniite wifi saa hizi. Toka. Toka tu, tafadhali."

Alisema tafadhali. Hata hapo.

Nimekaa hapa tangu saa nane na robo. Mume wangu kanitumia ujumbe: umemwambia? Nimejibu ndiyo. Hajauliza zaidi. Mkuu naye kaniita ofisini mara mbili, sijakwenda. Juni ije ikitaka.

Saa tisa kasoro tano. Mlango una kioo cha ukungu. Naona weupe wa koti lake, haliendi mbele wala nyuma. Sijui kama karatasi bado iko mezani au iko kwenye pipa. Kutuma huko kunachukua muda, mtandao wa hapa naujua. Nimejizuia kugonga mara tatu. Sina haki ya kumharakisha mtu niliyemwambia haraka ya nini.

Saa tisa na robo. Kiti kimeburutwa.

Saa tisa na dakika ishirini na tano. Babu Chupa ametoka, anajipangusa mikono kwenye aproni. Akasimama mbele yangu kama mtu aliyetumwa dukani asikojua bei.

"Anauliza leo tarehe ngapi."

Nikaruka nikasimama. Ishirini na saba, babu! Ishirini na saba, mwezi wa tatu! Mwambie anaweza pia kutumia kompyuta ya ofisini kwangu, ina kasi — akaniinulia kiganja, akaingia.

Anaandika. Mungu wangu, anaandika.

Mlango haujatulia vizuri, Babu Chupa katoka tena. Safari hii hanitazami usoni.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Amesema nikamuulize mtu mwingine."

Anashuka ngazi sasa, taratibu, mkono ukutani. Saa tisa na nusu.