Bahasha Kutoka Kampasi ya Tatu

Jumanne, 18 Februari 2025

Imefika! Imelowa theluji pembeni, lakini nzima. Bahasha ya kaki, muhuri wa chuo umegongwa juu ya mkunjo, na sahihi ya Dona Lourdes wa usajili imepita hapo hapo. Ndani mna orodha ya masomo yangu yote ya uuguzi, na alama zake. Brazili, chuo cha serikali huko mikoani, kampasi tano, na kutoka moja hadi nyingine ni saa tatu za basi.

Nilisoma miaka miwili kampasi ya kwanza, iliyobaki kampasi ya tatu, kwenye hospitali. Basi miezi saba nimezungushwa. Ya kwanza wanasema faili liko ya tatu. Ya tatu wanasema liko makao makuu. Makao makuu wanasema, bibi, umeshauliza kampasi ya kwanza? Walikuwa hivyo hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Mwalimu kampasi hii, maabara kampasi ile, mkuu wa idara hajulikani aliko.

Ofisi ya tathmini ya vyeti hapa Toronto inaitaka imefungwa, kabla ya 14 Machi. Ikipita siku hiyo faili langu linafutwa, na nafasi yangu ya darasa la Mei, la wauguzi waliosomea nje, anapewa mwingine. Miaka sita nawaogesha wazee na kuwaita wauguzi waje kufanya yale ninayoyajua mimi. Basi inatosha.

Nimeiweka juu ya kabati la vyombo. Nimewaambia wote wawili, mume na mtoto, asiiguse mtu. Carmel akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mwenye haja nayo. Miaka kumi na minne, na mdomo!

Ijumaa, 21 Februari

Ningeipeleka Jumatano. Nilikuwa mapumziko, nimeshavaa hadi buti. Eustache akasema haifai. Kanisani kwetu karatasi haiendi ofisini kabla haijapita madhabahuni. Ukipata makazi, ukipata uraia, unakwenda nayo mbele, Mchungaji Brice anaiinua, watu wanacheza. Na alikuwa ameshamwambia mchungaji. Bila kuniuliza!

Nimekubali. Kwa sharti moja: itakwenda imefungwa, itarudi imefungwa. Akasema, “Mama Carmel, unanionaka mie mtoto?”

Nimerudi kutoka kazini saa kumi na moja jioni, mgongo hoi. Amepika mwenyewe leo. Sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki. Nikafurahi, mjinga mimi.

Jumapili, 23 Februari

Naandika bado nimevaa nguo za kanisani.

Eustache alikwenda mbele na karatasi. Si bahasha — karatasi! Nne, amezikunjua, anazipunga. Mchungaji akazipokea akaanza kuyasoma masomo yangu moja moja kwa Kireno cha kubahatisha. Anatomia ya Kwanza. Amina! Anatomia ya Pili. Amina! Magonjwa ya Kuambukiza. Amina, kanisa zima, na kinanda kikaitikia.

Wamama wakanishika mikono kunipeleka mbele. Nikacheza. Ningefanya nini? Nilicheza huku naitazama bahasha kwenye kiti cha Eustache, imechanwa kwa kisu, kwa unadhifu kabisa.

Nyumbani akasema mchungaji hawezi kuinua bahasha, nani angejua kilichomo. Akasema tuifunge na gundi.

Jumatatu, 24 Februari

Nimewapigia ofisi ya tathmini. Kijana ana sauti nzuri sana. Anasikitika. Ikishafunguliwa haina thamani kwao. Chuo kilete nyingine. Akanitakia siku njema.

Nimemsimulia Bi Khurshid, mmoja wa wazee wangu kazini, wakati namwosha miguu. Alizaliwa Mwanza, Kiswahili chake bado kimenyooka ingawa majina ya wanawe yameanza kumtoka. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Mume amefungua barua yako? Mfungie nje, Jenerosa, theluji ipo ya kutosha.” Nilicheka mpaka nikalia. Baada ya dakika tano akaniuliza mimi ni nani.

Alhamisi, 27 Februari

Mungu ambariki Dona Lourdes. Hakuniambia niulize kampasi ya kwanza. Anaweza kutoa nakala nyingine, ila kuna fomu: muhuri umevunjwa vipi, na nani. Sahihi yangu, na sahihi ya aliyeuvunja. Bila zote mbili mfumo haumruhusu.

Kesho jioni wanafunga kwa kanivali, hadi Alhamisi ijayo mchana. Akifungua kompyuta akaikuta fomu, anatuma siku hiyo hiyo, siku tano za kazi njiani. Nimehesabu kwa vidole mara tatu. Inafika tarehe 13. Inafika!

Nimeichapisha fomu maktaba. Nimeshatia sahihi yangu. Eustache anasema atatia, nisimsukume.

Jumamosi, 1 Machi

Niliiweka mbele yake baada ya chai, na kalamu. Akaisogeza kando. Akatoa simu.

Ana picha za karatasi zote nne. Alipiga Ijumaa ile, mimi niko kazini. Akazipitisha kwenye ile programu ya kutafsiri, mstari kwa mstari, huku sombe inachemka. Kanisa lilikuwa kisingizio.

Nikamuuliza alikuwa anatafuta nini. Akasema, “Nilitaka nione na macho yangu kama ulisoma kweli.” Miaka yote hii! Mimi Brazili natafuta mahali pa kutuweka, yeye na Carmel wako Bujumbura, na watu wakamjaza maneno masikioni. Na akayapokea, akayafuga.

Kisha akanionyesha kwa kidole. Mwaka 2015, muhula wa pili. Hakuna alama. Neno moja tu: umesimamishwa.

“Hii miezi sita ulikuwa wapi? Na nani?”

Hatatia sahihi mpaka nijibu. Nimeondoka nikaenda kufua. Nina hasira hata meno yananiuma.

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda kanisani. Naye hakwenda. Carmel yuko kwa rafiki yake Mississauga, afadhali.

Nimemwambia. Nilikuwa kiwanda cha kuku. Wakongo sita na Wahaiti, tumepangwa mstari, nakata mapaja tangu asubuhi kwenye baridi, vidole havifunguki. Chuo kiliniruhusu kusimamisha muhula mmoja, si zaidi. Nikamuuliza anakumbuka 2015 alikuwa wapi. Alikuwa amelazwa Bujumbura, ngiri imejifunga, daktari hataki kumgusa bila malipo. Aliyelipa nani? Nilikopa, nikakata kuku miezi sita kurudisha deni. Nilimwambia ni msaada wa chuo, kwa sababu nilimjua. Asingekubali kufanyiwa upasuaji kwa pesa za mikono ya mkewe iliyonuka kuku. Nikamwambia, “Jishike tumbo, Baba Carmel. Hapo walipokushona. Ndipo nilipokuwa.”

Akajishika. Kweli, aliingiza mkono ndani ya shati. Mimi nikafikiri, haya, yameisha, sasa atalia, nami nitalia, atatia sahihi, nitapika.

Akauliza, “Uko na karatasi ya ile kazi?”

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia, taratibu, bila ubaya. Hati ya kiwanda. Chochote chenye muhuri.

Nimejifungia chooni na daftari hili. Yeye yuko mezani na fomu. Anangoja nilete karatasi.