Homa, Siku Mbili

Gisenyi, 12 Juni 1999

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umepunguza ukorofi wake, na mdogo wangu Gad ameacha kukata ndizi zako kabla hazijakomaa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hautulii: tangu asubuhi nimeinuka mara nne nikaiacha karatasi hii, nikaenda hadi ziwani, nikarudi.

Uliniuliza habari za kazi. Tangu Januari nilikuwa mkalimani wa Kinyarwanda wa zahanati ndogo ya wageni inayopanda mlimani Mudende kila Alhamisi. Muuguzi wetu ni Tomasa, mwanamke mfupi kutoka milima ya Guatemala, kule Amerika. Kiswahili alikiokota Ngara kwenye kambi za wakimbizi. Watu humwita muzungu, naye ana rangi ya chai ya maziwa, basi hucheka mpaka anashika ubavu.

Watu wa kwao ni Wamaya. Unakumbuka tulifundishwa shuleni kwamba Wamaya walikwisha, yakabaki mawe? Nilipomwambia hivyo alikasirika kweli. Alisema mama yake yuko hai, anasaga mahindi kila alfajiri na kugombeza kuku kwa Kikiche, lugha ya kwao. Lugha zao ni kama thelathini, ukoo mmoja, na wanaozisema ni mamilioni, Guatemala hadi Mexico. Nyingine ni za karibu kama mtu na binamu yake, nyingine hazisikilizani kabisa. Wakati wa vita vyao, waliokimbilia mjini walificha lugha ili wasitambulike. Wadogo zake wawili wanajua Kihispania tu. Mwezi uliopita nchi yao ilipiga kura kubadili katiba, pamoja na kuzitambua lugha hizo, na waliokataa wakashinda. Alisikia redioni akikunja bendeji, akazikunjua zote akaanza upya.

Siku hiyo alinieleza kwa nini alisomea uuguzi. Mama yake alimpeleka mtoto hospitalini, daktari hakujua Kikiche, na karani aliyetafsiri akatoa maneno matatu kati ya mia. Mtoto yule hakurudi nyumbani. Nilimsikiliza nikitazama viatu vyangu.

Sasa nikuambie lililotokea wiki mbili zilizopita. Mama kijana wa Mudende, Nyirahabimana, alimleta mwanawe Janvier anachemka homa. Alieleza kirefu sana. Mimi nikamwambia Tomasa: homa, siku mbili. Mtoto akapewa dawa ya malaria. Haikupita saa moja akaanza kutapika na kutetemeka, tukamkimbiza mjini kwa gari. Hospitalini ikajulikana kwamba asubuhi ileile alikuwa ameshapewa dawa hiyohiyo, ya kununua sokoni. Tomasa akaandika kwenye kadi kwamba mama alificha. Janvier alipona siku ya nne, Mungu ashukuriwe, lakini bibi Mukarugwiza akamchukua mtoto na kumfukuza Nyirahabimana, mkwewe, nyumbani. Alisema mama wa namna hiyo hafai kulea.

Illuminée, anayefua mashuka ya zahanati, alinivuta nyuma ya tangi la maji akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Goma: “Ule mama alikuambia mutoto alishakunywa dawa. Mi nilisikia. Mbona we haukusema?”

Mama, ukweli ni huu: sijui Kinyarwanda. Ninajua salamu na maswali kumi niliyoyakariri. Karatasi ya kuomba kazi iliuliza lugha, nami nikakiandika cha kwanza, kwa aibu; Mnyarwanda gani anarudi kwao bubu? Wanawake wakisema kirefu, mimi nilikuwa nabuni. Najua mlitunyima lugha hii Karagwe ili tuonekane Wanyambo, wenyeji wa huko, tukae salama, na salama tulikaa. Lakini nimekukasirikia sana, na sitaki kukuficha.

Jumatano nilimweleza Tomasa yote. Hakunigombeza. Alikata yale aliyoandika kwenye kadi, akaandika jina langu, akasema sitatafsiri tena. Kesho yake tulipanda Mudende pamoja na Illuminée, tukampitia Nyirahabimana. Nilikiri kosa langu mbele ya bibi Mukarugwiza, Illuminée akayageuza maneno yangu. Bibi aliingia ndani, akamtoa Janvier, akamrudisha mgongoni kwa mama yake.

Ndipo Nyirahabimana akanigeukia. Alisema kwa muda mrefu, hakupaza sauti, macho yake usoni pangu. Nilimwomba Illuminée anitafsirie, akakataa; alisema hayo ni yangu, niyabebe. Nikatoa kalamu. Nyirahabimana alipoiona, akarudia polepole tangu mwanzo, mpaka nikamaliza kuandika.

Yako nyuma ya karatasi hii, kama masikio yangu yalivyoyapata. Makosa ni mengi, ila wewe utayatambua. Nisomee, mama, uniandikie kwa Kiswahili aliniambia nini. Hata ikiwa ni laana, usinipunguzie.

Msalimie Gad, na majirani wote wanaoniulizia. Mungu akulinde.

Ni mimi mwanao,
Uwamariya