Ukipanda, Mimi Nashuka

3 Machi

Mdogo wangu,
Hujambo, na kifua kimeachia? Mimi mzima, ila macho yananiwasha kwa mvuke wa maabara ya shule ninakofanya kazi. Umeomba daftari langu la kemia. Sikupi. Tunafanya mtihani mmoja, tunaomba chuo kimoja cha mafundi maabara, na wanachukua daraja la kwanza tu. Kila mtu anajua alama hupangwa kwa kuwalinganisha watahiniwa: wewe ukipanda, mimi nashuka. Usininunie, si mimi niliyeutunga mfumo.
Dada yako

19 Machi

Dada,
Shikamoo. Kifua afadhali. Nimemuuliza mwalimu wetu aliyewahi kusahihisha, akacheka. Anasema ndani ya karatasi huchomekwa maswali ya miaka iliyopita. Watu wakiyajibu hayo ya zamani kama kawaida lakini mapya yakawashinda, karatasi ni ngumu, na alama ya kuingilia daraja inashushwa kwa wote. Hakuna anayemsukuma mwenzake. Nitumie hata kurasa za asidi tu.
Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,
Salamu zimefika. Huyo mwalimu na acheke. Mitihani hutungwa na watu ambao hawajawahi kuosha chupa. Mimi nilitolewa shule ili wewe usome, kifua kikakukatiza, na miaka kumi na tisa naosha chupa za maabara wanazochafua watoto wa wenzangu. Safari hii nakutangulia, kwa haki au kwa roho mbaya.
Dada yako

30 Julai

Dada,
Matokeo umeyaona. Karatasi ilikuwa ngumu, daraja la kwanza likashuka kutoka sitini hadi hamsini na tatu. Wewe hamsini na nne, hongera. Mimi hamsini na moja. Swali la asidi lilikuwa na alama sita, sikuambulia hata moja. Hata ningepata mia, ungeingia vilevile.
Mdogo wako

11 Oktoba

Mdogo wangu,
Kifua je? Hii ni barua ya tatu hujajibu. Jana chuoni mkufunzi alituchorea ubaoni jinsi tulivyopimwa, yaleyale ya mwalimu wako. Nikatoka, nikasimama kwenye korido kama niliyefukuzwa. Nilitaka kukuomba radhi, kalamu ikagoma, kwa sababu wivu haujaisha: mimi nilikuwa na maabara nzima, wewe kitabu cha kuazima na kikohozi, na tumepishana alama tatu. Niandikie hata tusi.
Dada yako